Kipimo Kisichofanana na Vingine

Nzuguni, Dodoma
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Goti lako linasemaje? Juzi kwenye simu uliniambia limepoa, lakini nilisikia ulivyovuta pumzi ulipoinuka kwenda kufunga mlango, kwa hiyo sikukuamini. Acha kuteremka bondeni na dumu mwezi huu wa funga. Wake za wanao wapo, na mikono wanayo. Alizeti zimetoa maua au bado? Hapa mvua ilinyesha wiki moja kwa fujo, ikakata, na sasa ni upepo na vumbi jekundu. Asubuhi nafuta meza, nikirudi kutoka chuoni naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Mimi mwenyewe ni mzima. Funga naiweza. Mwenye nyumba ni mtu mwema, na maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, ambayo kwa mtaa huu ni bahati.

Habari njema ni hizo, nimezimaliza.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kama nitakuja Idi, na mara tatu nimekujibu, "Inshallah dada, masomo yakiruhusu." Nimeangalia kwenye shajara yangu. Siku zote tatu zipo, na pembeni ya kila moja nimeandika neno moja: uongo. Ndiyo maana leo naandika barua. Kwenye simu ukinyamaza kidogo tu mimi naanza kukupamba kwa maneno, lakini karatasi haina pumzi ya kunitisha.

Sitakuja Idi, dada. Nimefeli mtihani wa maabara. Wiki moja baada ya Idi nitaurudia, na unarudiwa mara moja tu. Nikifeli tena natolewa chuoni, narudi Mlali kufundisha kidato cha pili kama zamani, na ile ruhusa ya masomo niliyoiomba miaka yote ile haitatolewa tena kwa mtu wa umri wangu. Mama Asha nimeshamwambia, alikuja huku kutoka Mlali tukakaa tukazungumza. Sasa zamu yako.

Najua umeshawaambia akina mama wa kisomo kwamba mdogo wako anasomea shahada ya pili ya sayansi. Najua mwalimu wa madrasa ameniwekea nafasi baada ya swala ya Idi nizungumze na vijana kuhusu elimu. Kuhusu elimu! Hebu soma kwanza, halafu uone kama mimi ndiye wa kusimamishwa mbele yao.

Shahada hii si ile ya kujifungia na kuandika kitabu. Unakaa darasani kama mtoto wa shule, una vipindi, una kazi za vikundi, una maabara, na utafiti mdogo unakuja mwishoni. Sisi tunasomea kemia ya mazingira, maana yake kupima kilichomo kwenye maji na udongo. Nilipoanza nilijiwekea kanuni kwenye shajara: kukaa mbele, kuuliza swali moja kila kipindi, kutokosa maabara, na kuomba kusahihishwa. Nilijua nina muda mfupi na nilitaka niunyonye wote. Kanuni ya kwanza nimeitimiza kila siku. Hizo nyingine ndizo ninazokueleza.

Siku ya kwanza niliingia darasani na begi langu la ngozi, na vijana wote wakasimama. Walidhani mimi ndiye mhadhiri. Wana miaka ishirini na tatu, ishirini na nne. Nilipokwenda kukaa kiti cha mbele, kijana mmoja anaitwa Frank, mcheshi wa darasa, akasema, "Karibu mzee wetu, tulikuwa yatima," wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akaingia mhadhiri mwenyewe. Kijana mrefu, miwani, kompyuta kwapani. Akaniangalia, akasimama pale mlangoni, akaweka kompyuta yake chini sakafuni, dada, na akainamisha kichwa.

"Shikamoo mwalimu."

Alikuwa Yona. Nilimfundisha Yona kemia pale Mlali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Alikuwa akikaa safu ya pili karibu na dirisha, na majedwali yake ya maabara yalikuwa safi kuliko ya mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Siku moja nilimwita mbele nikalishika daftari lake juu darasa zima walione. Sasa ni Dokta Yona. Akawageukia wenzangu akawaambia, "Huyu ndiye aliyenionyesha bureti kwa mara ya kwanza. Mumheshimu."

Wakaniheshimu. Shajara ya siku hiyo inasema: "Nimepokelewa kwa heshima kubwa." Nililiandika hilo kwa wino kama jambo la kufurahia.

Heshima yenyewe ilikwenda hivi. Kukiwa na kazi ya kikundi, Neema, msichana kiongozi wa kikundi chetu, alikuwa anagawa: wewe hiki, wewe kile, "na mzee wewe utasoma tukishamaliza." Jina langu wakaliandika la kwanza kwenye kila ripoti, kwa sababu huku majina yanapangwa kwa umri, hata kama wa kwanza hakushika kalamu. Programu ya kompyuta ya kuchambua namba nilitaka kujifunza. Nikimwambia Frank anionyeshe, ananinyang'anya kompyuta kwa upole, anabonyeza bonyeza, "Tayari mzee, imetoka." Nilipouliza imetokaje, alisema, "Usijichoshe baba, hayo ni mambo ya vijana." Na mimi nikaona haya kuuliza mara ya pili. Mtu niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kuona haya kuuliza!

Darasani nako, Yona akiuliza swali macho yake yanatembea safu nzima, yakifika kwangu yanapita juu ya kichwa. Nikinyoosha mkono anasema, "Mwalimu hilo analijua, tumsikie mwingine." Wenzangu wakikosea anawapasua. Alimwambia Neema mbele ya watu kwamba kazi yake ni uchafu, akalia chooni, akarudi akaiandika upya. Mimi ripoti zangu zote zilirudi na alama nzuri na neno moja chini: "Vizuri." Ripoti saba. Nimezipanga kwa tarehe kwenye faili. Maneno saba, yote vizuri.

Mwezi wa kumi na mbili walitupeleka Gulwe, kule Mpwapwa reli inakopita. Kazi ilikuwa kupima floridi kwenye maji ya visima, yale madini yanayowatia watu wa huku meno rangi ya kahawia. Kisima kimoja unachota mara tatu: asubuhi kabla watu hawajaja, mchana, na alasiri baada ya kijiji kizima kuchota. Nilivaa viatu vya shamba nikiwa tayari. Neema akanitolea kiti cha plastiki kwenye gari, akakiweka kivulini ukutani mwa nyumba ya mtu.

"Mzee, wewe shika daftari tu. Sisi tutachota."

"Na mimi nataka kuchota, Neema."

"Mama yangu akisikia nimemchotesha maji mtu wa rika la baba yangu si ataniua?"

Mama mwenye nyumba naye akasema, "Kaa baba, kaa, watoto wapo." Nikakaa. Siku nzima nilikaa, wakiniletea namba nikaziandika. Sikuona maji yalivyobadilika alasiri, kwamba yalikuwa yanatoka kidogo kidogo na yana vumbi jeupe. Wao waliyaona, ila hawakuziona namba zote pamoja kwa sababu daftari nilikuwa nalo mimi. Na kwa kuwa nililishika mimi, hesabu ya wastani wakaniachia mimi. Walisema angalau hilo mzee alifanye, asijisikie vibaya.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa lenyewe liko hapa. Shuleni, kwenye mtihani wa maabara, mtoto anadondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija wa vipimo, tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, anasoma kipimo, anarudia. Cha kwanza ni cha kujaribia, hakihesabiwi. Vinavyofuata vinatakiwa vifanane. Kisipofanana, ni mkono wa mtoto uliotetemeka, na mimi miaka yote nimewaambia: kipimo kilichojitenga na wenzake kiache, chukua vinavyokubaliana. Kwa mtihani wa shule ni sawa, kwa sababu jibu linajulikana, lipo kwenye karatasi ya msahihishaji. Nimewapitisha watoto wengi kwa maneno hayo.

Kwa hiyo pale Gulwe, kila kisima, asubuhi na mchana vilifanana na alasiri ilikuwa juu sana, nikaiacha alasiri. Nikachukua viwili vinavyokubaliana nikapiga wastani. Jedwali langu lilikuwa safi. Yona akaandika: "Vizuri."

Mtihani wa mwisho wa maabara hakusahihisha Yona. Alisahihisha mkuu wa idara, mama mmoja profesa, mfupi, anayetembea haraka. Kila mtu alipewa chupa za maji na siku nzima. Nilifanya kama nilivyozoea. Matokeo yalipobandikwa jina langu lilikuwa na nyota, na nyota maana yake uende ofisini.

Nilikwenda. Yona alikuwa ndani, amekaa pembeni, anaangalia sakafu. Profesa hakuniamkia wala hakunikaribisha kiti. Alikuwa ametandaza ripoti zangu zote mezani, hadi ya Gulwe.

"Bwana Jumanne, tumekupa chupa nane. Kwenye karatasi yako zipo sita. Mbili zimekwenda wapi?"

Nikamwambia hazikukubaliana na zingine.

"Hazikukubaliana. Na alasiri ya Gulwe?"

"Hiyo nayo haikukubaliana, profesa."

"Unajua hapa tunakuitaje? Mtu anayeleta namba zinazompendeza tunasema amepika. Aliyepika anaondoka chuoni leo leo, hangoji marudio."

Nilimwambia anipe saa moja. Nilirudi Nzuguni nikachukua shajara. Unajua tabia yangu, unanicheka tangu utotoni kwamba naandika hata siku kuku alipotaga. Basi namba zote zilikuwemo, kila siku ya maabara, kila kisima cha Gulwe, hata zile nilizozitupa, nimezipiga mstari mmoja kwa rula na ukiangalia zinasomeka. Profesa alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Alikaa nayo muda mrefu. Sikupenda aone mengine niliyoyaandika mle, kuhusu Mama Asha, kuhusu deni langu la swala, lakini sikuwa na la kufanya.

Alipoifunga akasema, "Hukupika. Ulitupa. Mpishi ningemfukuza. Mtupaji namrudisha darasani." Kisha akaifungua tena kwenye ukurasa wa Gulwe, akaweka kidole juu ya namba ya alasiri. "Maji ya visima vile yanabadilika watu wakishachota. Jioni ndipo akina mama wanachota ya kupikia. Hii uliyoipiga mstari ndiyo tuliyowatuma mkaitafute."

Nikaisoma ile namba chini ya kidole chake.

"Na nani alikuwa anasahihisha kazi zako?" akauliza, ingawa saini ilikuwa mbele yake. Nikasema ni kosa langu. Yona hakuinua kichwa. Yule mama akatuangalia wote wawili, akasema, "Mtatoka hapa mkazungumze. Mtihani wa marudio nitausahihisha mimi tena. Asipojua tofauti ya namba mbaya na namba asiyoielewa, simpitishi."

Ripoti ya Gulwe ikapunguzwa alama, kikundi kizima. Neema alinikuta koridoni. Nilidhani ataniamkia kama kawaida. Alisema, "Mzee, mimi nimesoma kwa mkopo na mama yangu anauza mbogamboga. Ungeniambia tu umeiacha alasiri."

Nikamwambia, "Ungeniacha nichote."

Akasema, "Haya, tumekosa wote," akaondoka. Lakini hakusema kwa moyo safi na mimi sikumlaumu.

Kwa Yona nilikwenda kesho yake ofisini. Alisimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Leo usiniamkie, Yona. Kosa langu uliliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu ripoti ya kwanza."

"Na ukaandika vizuri."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ningeandika nini, mwalimu? Wewe ndiye uliyenifundisha kuitupa. Nilipokwenda kusoma nje, mwezi wa kwanza tu, nilifanya hivyo hivyo. Walinisimamisha mbele ya darasa wakaniuliza nimefundishwa na nani. Nikasema nimejifundisha mwenyewe."

Hilo, dada, lilinichoma kuliko kufeli. Kijana alisimama mbele ya wageni akanificha. Na baadaye akaona bora nizame kuliko anitajie kosa langu, akaliita hilo heshima. Nilikasirika. Nilimwambia, "Ulinionea huruma. Neema ulimwambia kazi yake ni uchafu, akalia, akajifunza, akafaulu. Mimi ulinipa vizuri saba kama anayempa kipofu sarafu. Mimi nilikuja huku kusoma, Yona. Kama nilitaka shikamoo ningebaki Mlali, kule zimejaa."

Akasema, "Siwezi kukuandikia neno 'sivyo', mwalimu. Mkono hauendi."

"Utakwenda. Nina wiki tano. Usiponisahihisha wewe hakuna atakayenisahihisha kabla ya siku yenyewe, na nitafeli tena kwa kosa nisilolijua."

Akakubali. Ndivyo nilivyodhani. Nikampelekea kazi ya kwanza ya mazoezi, ikarudi baada ya siku mbili. Alikuwa ameandika kwa penseli, hafifu mpaka nilisogea dirishani kuisoma: "Samahani mwalimu, labda ungeangalia tena hapa kama utapata nafasi." Hapa wapi? Hakuonyesha. Nikamrudishia bila kuigusa. Ya pili ikarudi na alama ya kuuliza moja, ndogo kama mbegu ya ulezi. Nikamrudishia. Tukawa tunapelekeana karatasi kama watu wanaogombana kupitia kwa jirani, na siku zinakwisha. Kila jioni nikishafuturu naandika kwenye shajara zimebaki ngapi.

Katikati ya hayo nilijisukuma kwa kila njia nyingine. Nilimwomba Neema anifundishe ile programu, na nikamwambia akigusa kibonyezo mimi nainuka naondoka. Alikaa kando yangu amekunja mikono, nami nikabonyeza kwa kidole kimoja, na nilipokosea alisema, "Sio hapo mzee, jamani, sio hapo!" kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nilifurahi, angalau huyu amechoka na mimi. Nilikwenda mwenyewe hadi kisima cha hapa Nzuguni nyuma ya soko na ndoo yangu, nimefunga, jua kali, nikachota asubuhi, mchana na alasiri. Akina mama wakaniuliza nimefiwa na mke. Nikawaambia nasoma. Wakacheka sana.

Lakini maabara si ndoo tu. Kuna kitu nilikuwa bado nakosea na sikujua ni nini. Nilikihisi tu, kama jiwe kwenye kiatu.

Alhamisi hii tulikuwa na kipindi cha Yona. Akauliza: umepima mara nne, tatu zinafanana, ya nne iko mbali. Unafanyaje? Mikono ikainuka. Yangu nikainua. Macho yake yakaja kwenye safu, yakafika kwangu, nikaona yanaanza kupanda juu ya kichwa changu kama kawaida. Basi nikasimama. Hakuniita, nikasimama tu. Darasa likageuka.

Nikajibu. Nikasema, kwa sauti yangu ile ya darasani, kwamba siitupi tena ile ya nne. Naipima upya, na nikipata inayofanana na zile tatu naandika hiyo mpya mahali pake. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilidhani hilo ndilo nililojifunza.

Yona alikaa kimya mpaka Frank, ambaye hakai kimya, akakohoa.

"Sivyo," akasema.

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayevuta kitu kizito: "Sivyo, Jumanne. Hiyo ni kutupa kwa mlango wa nyuma. Unaandika zote nne, na ya tano uliyorudia, zote zinabaki. Halafu unaeleza ile moja imetoka wapi. Usipojua, unaandika hujui. Kaa."

Nikakaa.

Jumanne. Hakuna mtu anayeniita hivyo bila kitu mbele yake isipokuwa wewe. Hata Mama Asha ananiita baba Asha. Frank alisema "Eeh!" kwa kunong'ona, Neema akainamisha uso kwenye daftari. Masikio yangu yaliwaka moto, na nikiwa nimefunga sikuweza hata kunywa maji kujificha nyuma ya glasi. Nikachukua kalamu nikaandika alichosema, neno kwa neno, na nikaelewa. Kile nilichokuwa nikikikosea miezi yote hii kilikaa mahali pake kwa dakika moja. Yona alikuwa ameshaendelea kwa mtu mwingine na hakuniangalia tena. Ilipokwisha saa alikusanya vitu vyake akapita mbele ya meza yangu akatoka. Hakuniamkia. Nilimwomba mwenyewe iwe hivyo, na bado iliuma, dada, sitakudanganya tena. Jioni kazi yangu ilirudi kwa wino mwekundu, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuna samahani hata moja.

Kinachonisumbua sasa si mtihani. Nadhani nitaupita, au nisipoupita nitajua kwa nini. Kinachonisumbua ni wale watoto wa Mlali. Wengine ni manesi, wengine wanapima maji ya miji, wengine ni walimu kama mimi na wanawaambia watoto wao: kilichojitenga kiache. Hakuna Yona wa kuwasimamisha. Nilisifiwa sana kwa kufaulisha, wewe mwenyewe unacho cheti changu ukutani. Usikishushe, lakini na mimi usinionyeshe nikija.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wa madrasa, kwa heshima zote, nafasi yangu ampe mwingine. Akina mama wa kisomo wakitaka kuniombea waniombee, ila uwaambie ukweli kwamba nimefeli, uwaambie wewe kabla hawajasikia kwa mtu. Msalimie baba mdogo, na umwambie ile redio yake nimeona kipuri chake hapa mjini. Msalimie wifi yako wa nyumba ya juu na wanawe, na jirani yetu fundi cherehani, na shangazi anayekaa kwako, umwambie dawa ya macho asiipake baada ya kuoga kama anavyofanya. Wake za wanao uwaambie mimi ndiye niliyekataza lile dumu, wakasirike na mimi.

Na watu wakikuuliza mdogo wako amefika wapi, usitaje shahada. Waambie anasoma.

Idi yenu iwe ya heri. Nisamehe kwa zile simu tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Jumanne